Mzigo uliofaulu kila kipimo isipokuwa kuoshwa: uchambuzi wa kisa cha nywele za kuongezea

Majina, mahali na kila kinachoweza kumtambulisha mhusika vimeondolewa. Mpangilio wa matukio na sababu za maamuzi vimebaki kama vilivyokuwa.

Usuli

Bi. M. ana saluni yenye wasusi wachache, na kwa miaka kadhaa amekuwa akiuza nywele za kushonea pamoja na mawigi. Nywele za binadamu alikuwa akizichukua kwa mfanyabiashara wa kati, mabando machache kila mara. Bei ilikuwa juu, lakini mteja alishonewa, akafumua, akaosha, akarudi kushonewa zilezile, na malalamiko yalikuwa nadra. Faida ndiyo iliyokuwa nyembamba, kwa hiyo akaamua kuagiza mwenyewe kutoka kiwandani.

Sioni kosa katika uamuzi huo. Mtu anayeuza nywele kila siku ana haki ya kutaka kuruka ngazi moja ya wachuuzi. Tatizo lilianzia kwenye namna alivyoandika oda.

Kiwanda alikipata kupitia soko la mtandaoni. Aliomba sampuli, likaja bando moja la inchi 18, rangi nyeusi ya asili. Alichoma unywele mmoja: ukatoa harufu ya kucha iliyoungua na kuacha majivu yanayosagika kwa vidole, bila donge gumu la plastiki. Aliliosha bando, akalikausha, akalichana. Likabaki laini. Akamshonea msaidizi wake, nalo likakaa vizuri kichwani.

Kwa matumaini hayo akaagiza mzigo wa inchi 14 hadi 28. Maelezo ya bidhaa kwenye ankara yalikuwa mstari mmoja: nywele za binadamu asilimia 100, za Brazili, zenye mawimbi, daraja la 10A. Alilipa sehemu ya fedha mwanzoni. Mzigo ulipokuwa tayari alitumiwa picha na video ya mabando yanayong'aa, akaombwa amalizie salio kwa kutuma benki moja kwa moja, nje ya soko lile, ili apate punguzo. Akakubali.

Mzigo unafika

Maboksi yalipofunguliwa kila mtu saluni alifurahi. Nywele ziliteleza mkononi na mawimbi yalikuwa sawasawa kutoka bando hadi bando. Bi. M. alirudia kipimo chake cha moto kwenye mabando matatu, na yote yakatoa majivu. Akaridhika. Ndani ya wiki chache sehemu kubwa ya inchi 16 na 18 ilikuwa imeuzwa.

Kabla ya kuuza alifanya jambo moja ambalo baadaye lilimwokoa. Kila bando alilibandika namba, na kwenye daftari la mauzo akaandika namba ya bando mbele ya jina la mteja. Lengo lake lilikuwa kuzuia wizi tu.

Mteja wa kwanza alirudi baada ya kuosha nyumbani mara mbili. Nywele za nyuma ya shingo, pale zinaposuguana na kola ya nguo, zilikuwa zimesokotana na kuwa bonge ambalo kitana hakikupita. Msusi alimpaka kondishena nyingi, akapitisha pasi ya moto, zikanyooka. Siku chache baadaye ujumbe ukaingia: "Dada, nywele zako zimeniaibisha mbele za watu. Zimerudi vilevile." Kisha akaja wa pili, na wa tatu. Mmoja alijaribu kuzipausha ili apate rangi ya asali. Akapata mabaka ya chungwa, mekundu na kahawia kwenye bando moja, na ncha zikakatika mkononi mwake.

Wasusi waliwalaumu wateja: hawajui kutunza, wanalala bila kitambaa, wanatumia sabuni kali. Kwa mteja mmoja mmoja lawama hiyo ingeweza kuwa kweli. Lakini Bi. M. alifungua daftari lake, akaona kwamba waliorudi walivaa mabando ya maboksi tofauti na walisukwa na wasusi tofauti. Hapo akasimamisha mauzo na kuniita. Kazi yangu ni kutengeneza na kukarabati mawigi.

Tulivyopima upya

Tulichukua mabando kutoka kila boksi, mengine kutoka juu na mengine kutoka chini, tukaweka na bando la sampuli ambalo kwa bahati alikuwa bado nalo. Niliomba kwanza yaoshwe kwa maji ya moto na shampuu ya kusafisha kwa kina, mara kadhaa, bila kondishena wala mafuta, kisha yakauke kwa hewa. Maji ya mara ya kwanza yalitoka meusi hafifu na yenye utelezi. Kadiri tulivyoosha, ule utelezi wa mkononi ukapungua. Yalipokauka, mabando ya mzigo hayakufanana tena na yalivyotoka kwenye boksi: yamefifia, yamevimba, na mawimbi mengi yamepotea. Bando la sampuli lilibaki na mng'ao wa kawaida na lilichanika.

Ili kujua sababu, ilibidi tuangalie unywele mmoja mmoja.

Unywele wa binadamu umefunikwa na magamba madogo yanayopandana kama ya samaki, ncha zake zikielekea upande wa mwisho wa unywele. Ukipitisha vidole kutoka shinani kwenda nchani unateleza. Ukirudi kinyume unakwama kidogo. Nywele zinazoitwa Remi ni zile ambazo tangu zilipokatwa kichwani zimeshikwa pamoja, shina upande mmoja na ncha upande mwingine, ili magamba yote yaelekee njia moja. Nywele zilizookotwa kwenye vitana na sakafuni hazina mpangilio huo. Zikishonwa pamoja, magamba ya unywele huu yanashikana na ya ule uliogeuzwa, na matokeo yake ni mafundo.

Kuna kipimo kisichohitaji chombo chochote, nami nakiamini kuliko moto. Toa unywele mmoja kwenye bando, ukikumbuka upande gani ulikuwa kwenye mshono. Ushike katikati ya kidole gumba na cha shahada, kisha sugua vidole mbele na nyuma kufuata urefu wake. Unywele wenye magamba mazima utatembea wenyewe, shina likitangulia. Toa mwingine, na mwingine. Kama bando ni Remi, zote zitatembea kuelekea upande wa mshono. Nywele za sampuli zilifanya hivyo moja baada ya nyingine. Za mzigo, nyingi hazikutembea kabisa. Zilibaki palepale kama uzi wa nailoni. Zile chache zilizotembea, baadhi zilielekea kwenye mshono na baadhi zikaenda kinyume.

Kwa kioo cha kukuza tuliona kitu kingine. Miongoni mwa nywele fupi zilizojificha ndani ya bando, baadhi zilikuwa na kijitone cheupe kwenye ncha ya chini, mbali na mshono. Hicho ni kitunguu cha shina, kile kinachobaki kwenye unywele uliong'oka wenyewe kichwani. Unywele uliokatwa kwa mkasi hauna. Hivyo nywele zile zilikuwa zimedondoka, na zilikuwa zimeshonwa kichwa chini miguu juu.

Picha ikakamilika. Ilikuwa ni nywele za kuokota, zilizochanganywa kutoka vichwa vingi. Ili zisisokotane kabla ya kuuzwa, zilikuwa zimetumbukizwa kwenye asidi iliyokula magamba, zikatiwa rangi nyeusi ya pamoja ili zifanane, zikapitishwa kwenye mvuke ili zipate mawimbi, na mwisho zikavikwa silikoni ili zing'ae. Silikoni hiyo ndiyo iliyompendeza kila mtu boksi lilipofunguliwa, na ndiyo iliyokwenda na maji. Mabaka ya yule mteja aliyepausha yanaelezwa na jambo hilohilo: rangi ya kiwandani ilipoondoka, kila unywele ulirudi kwenye asili yake, na asili zilikuwa nyingi.

Maamuzi

Wa kwanza kujibu alikuwa muuzaji, na alijibu kwa utulivu: nywele ni za binadamu asilimia 100, kama ankara inavyosema. Hatukuwa na cha kumpinga. Kila unywele tuliouchoma uliacha majivu, si donge la plastiki. Hakuna mahali palipoandikwa Remi, wala magamba, wala asidi. "10A" haikuweza kumbana, kwa sababu hakuna chombo chochote kinachoweka madaraja hayo. Kila muuzaji anajipangia, na la leo la 10A kesho laweza kuitwa 12A bila unywele mmoja kubadilika. "Brazili" nayo ni jina la biashara linalomaanisha aina fulani ya mawimbi na unene. Nywele nyingi zinazouzwa kwa majina ya Brazili, Peru au Malaysia hazijawahi kuona nchi hizo. Na kwa kuwa salio lililipwa nje ya soko la mtandaoni, ulinzi wa mnunuzi haukuwepo. Alichopewa ni ahadi ya punguzo kwenye oda ijayo. Alikataa, na kwa maoni yangu alifanya vema, kwa kuwa punguzo lile lingemfunga kwa mtu yuleyule.

Uamuzi wa pili ulikuwa mgumu zaidi, nao ulihusu mabando yaliyobaki. Msusi mmoja alipendekeza yatiwe tena silikoni na mafuta, yauzwe haraka, duka lipate mtaji wake. Jambo hilo linawezekana, na linafanyika. Bi. M. alikataa palepale. Alisema wateja wake wengi hununua nywele kwa kudunduliza, na wanamlipa yeye, hawakilipi kiwanda.

Akaamua kumpigia kila aliyekuwa kwenye daftari, hata wale ambao hawajalalamika. Aliwaeleza alichouziwa na alichowauzia, akawapa hiari: kurudishiwa fedha, au kusubiri mzigo mwingine na kubadilishiwa. Wasusi waliona kwamba kuwaamsha wasiolalamika ni kujichimbia shimo. Yeye aliona kwamba nywele zilezile zitawasokota wiki ijayo, na ni afadhali habari itoke kwake.

Mabando ambayo hayajauzwa aliyapunguza bei sana na kuyauza kwa wasusi wengine, akieleza kwa mdomo na kwa karatasi kwamba si Remi, yanafaa kwa mazoezi, kwa picha au kwa mtindo wa kuvaliwa mara moja tu.

Matokeo

Kifedha alipoteza sehemu kubwa ya mtaji wa mzigo ule. Wengi wa wateja waliopigiwa simu walichagua kusubiri, na baadhi ya wale ambao hawakuwa wamelalamika ndio waliokuja kuwa wateja wake wa kudumu. Wachache waliondoka.

Mzigo wa pili ulikuwa mdogo na ulichukua muda mrefu kupatikana. Safari hii aliandika mambo yanayoweza kupimwa: magamba yote kuelekea upande mmoja na kuthibitishwa kwa kipimo cha kusugua, hakuna asidi, bando kubaki linachanika baada ya kuoshwa mara kumi kwa shampuu bila kondishena, uzito upimwe baada ya kuosha na kukausha, kwa sababu silikoni, gundi na uzi wa mshono vyote vinaingia kwenye gramu 100 za bando, urefu upimwe unywele ukiwa umenyooshwa, na sehemu gani ya bando lazima ifikie urefu huo. Salio halikulipwa hadi mtu wake alipochagua mabando mwenyewe kutoka kwenye mzigo uliokwisha fungwa, akayaosha na kuyapima.

Alifuta inchi 28 kwenye orodha. Nywele hukua takriban sentimita 1.25 kwa mwezi, kwa hiyo inchi 28, yaani sentimita 71 hivi, ni karibu miaka mitano ya kichwa kisichokatwa. Na unywele hauishi kichwani milele. Kwa watu wengi hudondoka baada ya miaka miwili hadi saba. Ukitaka bando la inchi 28 lililojaa hadi nchani, ni lazima nywele fupi zichambuliwe na kutolewa, na kinachobaki ni kidogo sana. Mtu anayetoa mabando mengi ya urefu huo ndani ya siku chache, tena kwa bei ya inchi 18, ameshajibu swali la ubora kabla hujaliuliza.

Uchambuzi

Kipimo cha moto ndicho kilichomdanganya zaidi, ingawa chenyewe hakikukosea. Moto unatenganisha protini na plastiki. Hauwezi kutofautisha nywele zilizokatwa kwenye kichwa kimoja na zilizookotwa kwenye vichwa mia, na nywele za mbuzi au yaki (ng'ombe wa milimani mwenye manyoya marefu) nazo huacha majivu na harufu ileile. Hata mchanganyiko wa nywele za binadamu na za plastiki unaweza kupita ukichoma unywele mmoja tu, maana huenda umechagua ule wa binadamu. Naona watu wengi wakichoma unywele kwenye video na kutangaza ushindi. Kipimo hicho kinafaa kuwa cha kwanza. Kikifanywa cha mwisho, hasara huanzia hapo.

Sampuli nayo ilikuwa ya kweli, ila haikutoka kwenye mzigo. Sampuli inayoletwa na muuzaji kabla ya oda inaonyesha anachoweza kukipata akitaka. Haisemi lolote kuhusu kile kitakachowekwa kwenye boksi miezi miwili baadaye. Thamani yake ni kuwa kipimo cha kulinganishia: ikatwe vipande, kimoja kifungwe na kutiwa sahihi na kubaki kwa mnunuzi, kingine kwa muuzaji. Bi. M. alibaki na bando lake kwa bahati tu, na bila hilo tusingekuwa na cha kulinganisha. Angekuwa amelitaja kwenye ankara, "mzigo ulingane na sampuli hii", jibu la muuzaji lisingekuwa rahisi vile.

Kosa lingine lilifanyika saluni. Kila mteja aliyerudi mwanzoni alipakwa kondishena na kupigwa pasi, yaani alivalishwa upya kile kilichooshwa. Hilo lilificha dalili na kuchelewesha utambuzi. Nywele zenye malalamiko zinatakiwa ziangaliwe zikiwa tupu, zimeoshwa na kukauka, kabla ya msusi kuanza kuzirembesha.

Daftari la namba ndilo lililofanya kazi kuliko vyote. Bila daftari lile, kila mteja angebaki kisa chake peke yake, na lawama ya "hajui kutunza" ingeendelea. Si lazima liwe mfumo mkubwa. Namba kwenye bando na jina mbele yake vinatosha.

Kuhusu asili ya nywele, mzigo wa pili ulitufikisha mbali kiasi, lakini si hadi mwisho. Wengi wakisikia nywele za India wanafikiria hekalu la Tirumala, ambako mahujaji hunyoa vichwa kwa ibada na nywele hupangwa kwa urefu na kuuzwa kwa mnada. Hizo zipo kweli, na kwa kuwa kichwa hunyolewa chote kwa mara moja, ni rahisi kuhifadhi mwelekeo wa magamba. Ila nchini humohumo kuna biashara kubwa ya nywele za kuokota zinazonunuliwa nyumba kwa nyumba, na sehemu kubwa ya nywele za pande zote hukutana kwenye viwanda vya China, hasa Xuchang katika mkoa wa Henan. Zikishachanganyika huko, kuzirudisha kwenye chanzo ni kazi ngumu. Mwaka 2022 serikali ya India iliziweka nywele ghafi kwenye orodha ya bidhaa zinazohitaji kibali kusafirishwa nje, na masharti yamebadilishwa tena baadaye. Kwa hiyo anayedai kukuletea nywele ghafi moja kwa moja kutoka India anapaswa kuwa na karatasi za kuonyesha. Na hoja haiishii kwenye mafundo. Mwaka 2020 forodha ya Marekani ilizuia takriban tani 13 za bidhaa za nywele kutoka Xinjiang, jimbo la magharibi mwa China, kwa kushuku kazi ya kulazimishwa. Muuzaji wa pili aliweza kututajia alikonunua na kutuonyesha karatasi za hatua moja nyuma yake. Hatua ya pili hakuijua. Bi. M. aliandika hivyo hivyo kwenye lebo yake: aina ya nywele, namna zilivyopimwa, nchi zilikosindikwa. Nafasi ya chanzo aliiacha wazi, na neno "Brazili" akaliondoa kwenye duka lake lote.

Uamuzi mmoja bado sikubaliani nao. Yale mabando yaliyouzwa kwa bei ya chini kwa wasusi, angalau mawili yalirejea kwake mikononi mwa mteja asiyemjua, aliyeuziwa kwingine kama Remi na kuja kuomba msaada wa kuyafumua. Bi. M. aliyatambua kwa namba iliyokuwa bado kwenye mshono. Maelezo ya karatasi yaliishia kwa mnunuzi wa kwanza. Kama mabando yale yangekatwa kuwa mafupi, au kushonwa kabisa kwenye vichwa vya bandia vya mazoezi kabla ya kutoka dukani, yasingeweza kuuzwa tena kwa jina lisilo lao. Yeye anasema asingepata hata senti ya kuanzia mzigo wa pili, na hilo nalo ni kweli. Yule mteja alifumuliwa bila malipo.